Helikopta Inayoruka Ubavu na Maneno Yanayoizunguka

Kati ya yote ambayo mtu hujifunza kwenye simuleta ya helikopta za kivita, kuruka ubavu ndiko kunakosemewa maneno mengi yasiyo na mashiko. Nayajibu nikiwa Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu baadhi yake huvunjika yakiletwa tu kwenye mwambao huu wenye ziwa mbele, milima nyuma na jua kali katikati.

Dai la kwanza: ukitaka kwenda kulia, kanyaga pedali ya kulia. Hili limeangusha wengi. Pedali hugeuza pua, basi. Kinachoipeleka helikopta ubavu ni fimbo iliyo kati ya magoti: ukiilaza kulia, pangaboi kuu nalo hulala kulia, na sehemu ya nguvu iliyokuwa ikiinua inaanza kuvuta pembeni. Likilala nyuzi 10, asilimia 17 hivi ya nguvu hiyo huenda pembeni, na uinuaji hupungua kwa asilimia moja na nusu tu. Likilala nyuzi 20 uinuaji umepungua kwa asilimia 6, na mashine inazama. Hapo unapandisha wenzo wa mkono wa kushoto ili injini zibebe zaidi. Wenzo huo unaongeza msokoto, msokoto unageuza pua, na sasa ndipo pedali inapopata kazi: kuizuia pua isigeuke. Fimbo, wenzo, pedali, kisha fimbo tena, maana kila kimoja kimeshavuruga kazi ya mwenzake.

La pili: kulia na kushoto ni mamoja. Hapa nitakaa kidogo.

Chukua Mi-24, ambayo jeshi la Burundi linayo, na ambayo iliingia kwenye simuleta ya DCS World mwaka 2021 kama Mi-24P. Likitazamwa kutoka juu, pangaboi lake kuu huzunguka kama mishale ya saa. Mwili wa helikopta hutaka kugeukia upande wa pili, pua kushoto. Rubani anakanyaga kulia, na pangaboi la mkia linausukuma mkia kushoto. Msukumo huo hauishii mkiani. Unaisogeza mashine nzima kushoto hata kama hujaigusa fimbo. Wabunifu wa Mil, walioiunda, waliliona hilo, wakaliinamisha pangaboi kuu kulia kwa nyuzi mbili na nusu.

Sasa ipeleke ubavu wa kushoto. Upepo wa mwendo unaupiga mkia kutoka kushoto, pua inataka kuufuata upepo, nawe mguu wa kulia ulikwisha kuutumia kwa ajili ya msokoto. Pedali inafika mwisho na pua bado inakwenda. Ukienda kulia, pedali inabaki ya kutosha, lakini pangaboi la mkia linakutana na hewa ile ile linayoitupa, na pua inaanza kuyumba. Kwenye Huey, helikopta ya Kimarekani, mambo yote haya hugeuka, kwa sababu pangaboi lake huzunguka kinyume na la Mi-24. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa waraka mwaka 1995 kuhusu helikopta za aina hiyo, ikitaja upepo wa kushoto, kati ya nyuzi 210 na 330 kutoka puani, kuwa ndio unaolichafulia hewa pangaboi la mkia. Aliyeizoea Huey akahamia Mi-24 huwa anajua kila kitu kichwani, ila miguu inamsaliti.

Wala si lazima usogee ndipo uwe unaruka ubavu. Mvuvi anayepiga kasia ili mtumbwi usichukuliwe na mkondo haendi popote, lakini maji yanampita. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini hupanda ziwani kuelekea Rumonge na Bujumbura. Isimamishe Mi-24 hewani juu ya Nyanza-Lac, pua ikitazama Kongo ng'ambo ya ziwa, na upepo huo unakuja kutoka kushoto: ardhini hujasogea hata hatua, angani tayari unaruka ubavu kuelekea kushoto, ule upande unaomaliza pedali. Igeuze itazame milima, tatizo linakuwa lile jingine.

Tatu: nunua Ka-50 ya Kirusi, haina pangaboi la mkia, taabu imekwisha. Nusu ni kweli. Mapangaboi yake mawili yamepangwa moja juu ya jingine, yanazunguka kinyume na kufutiana msokoto, na ndiyo maana inaufanya vizuri ule mzunguko ambao Warusi huuita voronka: helikopta inaizunguka shabaha ikienda ubavu, pua ikiielekea muda wote. Lakini mkia wake una bezi la wima linalokamata upepo kama mkia mwingine wowote. Kompyuta yake ya urubani nayo hung'ang'ania mkao uliouacha mwisho, mpaka ubonyeze kitufe cha kuuweka upya. Wengi hulaumu mkono wao kumbe wanashindana na kompyuta. Na ukiinyanyasa kupita kiasi, mapangaboi hayo mawili yanagongana.

Nne: anayezunguka hivyo hapigwi. Hapigwi na nani? Mzunguko huo unafaa pale ambapo aliye chini hana silaha ya kukufikia, kwa kuwa unakuweka machoni pake, kwa mwendo wa pole, kwa muda mrefu. Februari 2023 helikopta ya Oryx ya Afrika Kusini, chini ya Umoja wa Mataifa, ilipigwa risasi ikitoka Beni kwenda Goma. Mtu mmoja aliyekuwa ndani aliuawa na mwingine akajeruhiwa. Hiyo ilikuwa safarini, inapita tu. Mi-24 ndiyo kabisa haikuundwa kwa mchezo huo. Vibawa vyake hubeba sehemu kubwa ya uzito ikiwa mbioni, lakini ikisimama hewani vinakuwa mzigo, vikizuia hewa inayosukumwa chini.

Tano: hewa ni hewa. Maji ya Tanganyika yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, pangaboi linahisi kama liko mita 1,500. Mtu anajifunza kwenye ramani ya ufukweni mwa bahari, hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, silaha nusu, halafu anasema ameiweza. Akaongeze joto na kupanda juu, ajaze mafuta na roketi, ajaribu tena kulala nyuzi 20: wenzo utakuwa karibu na mwisho kabla hajaanza. DCS haina ramani ya ziwa letu. Microsoft Flight Simulator inayo dunia nzima, na Novemba 2022 iliongezewa helikopta mbili, Bell 407 na Cabri G2. Hazina silaha, ila mapangaboi yake huzunguka kwa pande tofauti, kwa hiyo dai la pili unaweza kulipima juu ya Nyanza-Lac yenyewe.

La mwisho, la wazee: huo ni mchezo, haufundishi kitu. Mfuatano wa mikono na miguu unafundishwa vizuri sana. Kinachokosekana ni kiti kinachokusukuma mbavu na pembe za macho zinazoona ardhi ikiteleza. Kwa sababu hiyo kuruka ubavu kwenye skrini ni kugumu kuliko inavyodhaniwa, na juu ya maji ni kugumu zaidi: upepo wa pangaboi hutawanya viwimbi kila upande, jicho linaviamini, mkono unasahihisha mwendo ambao haupo. Anza juu ya barabara ya Rumonge, RN3, pua ukiielekeza milimani na michikichi ikiwa mbele yako kama vipimo, mwendo wa mtu anayetembea. Ziwa liachie siku ambayo miti hiyo itakuwa haikupiti tena bila wewe kutaka.