Wasifu wa Mchekeshaji Si Porojo

Iko kauli iliyozoeleka mno miongoni mwetu walimu, nayo ni hii: kwamba vitabu vya maisha ya wachekeshaji, waimbaji na watu wengine mashuhuri ni vya kupitishia wakati tu, wala havistahili kuingia darasani. Mwanafunzi akionekana nacho mkononi huambiwa akiweke kando, achukue kitabu cha maana. Sisi twaipinga kauli hii. Twaipinga kwa sababu inatupotezea wasomaji, na lugha isiyo na wasomaji ni kisima kisichotekwa maji.

Na tuanze na kitabu kimoja kinachopendwa sana, Born a Crime cha Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, kilichotoka mwaka 2016. Noah alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mxhosa, baba Mswisi. Sheria iliyowekwa mwaka 1927, na kukazwa katika miaka iliyofuata, ilikuwa imefanya mapenzi baina ya Mwafrika na Mzungu kuwa jinai, na katazo hilo halikufutwa hadi mwaka 1985. Basi mtoto huyu, kwa rangi ya ngozi yake tu, alikuwa ushahidi wa kosa la wazazi wake. Anasimulia kwamba mama yake alimwachia mkono njiani kila polisi walipotokea, akajifanya mtoto si wake. Anasimulia pia alivyomkimbilia baba yake bustanini huku akimwita baba, naye baba akatimua mbio kwa hofu ya macho ya watu. Msomaji anacheka, kisha kicheko kinamkwama kooni. Vitabu vingapi vya historia tulivyonavyo vimepata kumfanyia mwanafunzi hivyo?

Walimu wa lugha tuna sababu nyingine ya kukithamini kitabu hicho. Noah anaeleza kwamba siku moja alisikia vijana nyuma yake wakipanga kwa Kizulu namna ya kumpora. Aligeuka akawajibu kwa Kizulu hicho hicho, nao wakamwomba radhi, maana walikuwa wamemdhania mtu wa kando. Tumekesha tukiandika maandalio ya somo juu ya faida za kujua lugha nyingi. Je, tumewahi kutoa mfano ulio hai kuliko huo?

Wapo watakaosema kwamba mzaha hauna nafasi mbele ya mambo mazito. Hao wameusahau utani wa mababu zetu. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani huja msibani, hufanya masihara mbele ya wafiwa, na hakuna amkemeaye, kwa kuwa inajulikana kwamba yumo kazini. Mwishoni mwa kitabu chake Noah anasimulia jinsi mama yake alivyopigwa risasi ya kichwa na baba wa kambo mwaka 2009, akanusurika. Akiwa kitandani hospitalini, mama yule alimtania mwanawe aliyekuwa akilia kwamba sasa yeye Trevor ndiye mwenye sura nzuri kuliko wote nyumbani. Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Anaufahamu utani huo, na anajua kwamba ni dawa.

Wala si Afrika Kusini peke yake. Charlie Chaplin, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1889, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1964. Humo anaeleza jinsi mama yake, mwimbaji wa jukwaani, alivyopotewa na sauti mbele ya watazamaji katika mji wa Aldershot, na yeye, mtoto wa miaka mitano, akapandishwa jukwaani kuimba badala yake. Watu walipomtupia fedha aliusimamisha wimbo ili aziokote kwanza. Ukumbi ukaangua kicheko. Baadaye akaiga hata ule mkwamo wa sauti ya mama yake, nao wakazidi kucheka. Miaka michache baadaye familia ile iliingia katika nyumba ya mafukara ya Lambeth, jijini London. Asomaye hayo huanza kuelewa kwa nini yule mtu wa fimbo na viatu vikubwa, aliyemwona katika picha bubu, alichekesha na kuhuzunisha kwa pamoja.

Hatusemi kwamba kila kitabu cha mtu mashuhuri ni chema. Vingi vimeandikwa na kalamu za kukodiwa, ni kasida za sifa tupu, na msomaji akivifunga hana alichojifunza ila idadi ya magari ya mwenyewe. Lakini kwani riwaya mbovu hazipo? Mbona hatukuitupa riwaya kwa ajili yake? Kazi ya mwalimu ni kuchambua. Kipimo chetu ni chepesi. Wasifu mwema hueleza kazi ilivyofanywa na gharama yake, humtaja aliyemshika mkono mhusika alipokuwa si kitu, na hauifichi aibu. Kitabu kikikosa hayo matatu, na kikae rafuni.

Tena wasomi wetu wanaoidharau aina hii ya maandishi wamemsahau mwalimu wao. Shaaban Robert, ambaye jina lake hulitaja kila siku, aliandika maisha yake mwenyewe, na aliandika pia Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alikuwa nani? Mwanamke wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu, akawa mwimbaji aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Mshairi huyo mkuu hakuona haya kuitumia kalamu yake kwa ajili ya mwimbaji. Nani basi ametupa sisi kibali cha kuona haya?

Kwetu tufundishao Kiswahili katika nchi jirani, jambo hili lina uzito wa pekee. Nchini Uganda wazee wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari, ya amri na ya vitisho, na chuki hiyo waliwarithisha watoto wao. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Lakini sheria humweka mwanafunzi darasani tu. Haiwezi kumpendezesha lugha. Lugha aliyoiogopa babu, mjukuu atafunguliwa mlango wake na mtu wa kumchekesha.

Watu hao tulikuwa nao. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, hakuwa Mjaluo kwa kuzaliwa, lakini kwa lafudhi ya Kijaluo aliyoivaa aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi. Alifariki Julai 2015. Amri Athumani wa Tanga, ambaye wengi walimwita Mzee Majuto, alifariki Agosti 2018. Walijifunza wapi kuipima pumzi kabla ya neno la mwisho? Walikula nini siku ambazo malipo hayakuja? Mwanafunzi akituuliza, katika maktaba za shule zetu hatuna kitabu cha kumpa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii inapotea huku sisi tukibishana kama kicheko ni fasihi.

Basi, ndugu walimu, twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila maktaba ya shule ipate rafu ya wasifu na tawasifu, na mwanafunzi aruhusiwe kuandikia insha maisha ya mtu anayempenda yeye, si tunayempenda sisi. Pili, kila darasa la juu limtafute mchekeshaji, manju wa ngoma au mwimbaji mzee wa mahali pake, limhoji, liandike maisha yake kwa Kiswahili kizuri, na nakala moja ibaki shuleni. Kazi hiyo haihitaji fedha za serikali wala idhini ya wizara. Yahitaji daftari, kalamu na mwalimu asiyeogopa kucheka mbele ya wanafunzi wake. Na ianze muhula huu, maana wazee hawatungoji.