BARAZANI NA WAZAZI: Vitabu vya Fizikia kwa Anayetaka Udaktari

Safari hii baraza letu lina jambo linalogusa nyumba nyingi. Kijana yuko chuoni, anataka udaktari, na fizikia inamtisha. Jamaa wanataka kumsaidia. Shangazi anatuma kitabu, mjomba anatuma kitabu, ami naye hataki kupitwa. Mwisho wake meza imejaa, fedha zimekwenda, na mtoto hajui aanze wapi.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. Anayetaka kusomea udaktari Marekani hufanya mtihani uitwao MCAT, unaosimamiwa na chama cha vyuo vya udaktari vya huko, AAMC. Una sehemu nne na maswali 230. Fizikia imo katika sehemu moja tu, ikichanganyika na kemia na baiolojia: maswali 59 kwa dakika 95. AAMC hueleza kwamba fizikia ni kiasi cha robo ya sehemu hiyo. Pigeni hesabu: ni kama maswali 15 katika yote 230. Si ya kudharau, maana maswali 15 yaweza kumwinua mtu au kumwangusha. Lakini pia si ya kumalizia nusu ya fedha na nusu ya miezi ya kujitayarisha.

Pili, kila nchi ina mtihani wake. Ndugu zetu wa Uingereza walikuwa na BMAT, uliokuwa na fizikia ndani yake, lakini ulifungwa mwaka 2023. UCAT, unaofanywa huko sasa, hauna fizikia kabisa. Basi aliye London asimpelekee binamu yake wa Ohio vitabu vyake vya zamani, na wa Ohio naye asimtwishe wa London mzigo usiomhusu. Hata ndani ya Marekani, tazameni mwaka wa kitabu. MCAT ulibadilishwa mwaka 2015. Sheria za Newton hazikubadilika, lakini mpangilio wa mtihani na uzito wa mada ulibadilika. Kitabu cha kaka mkubwa cha kabla ya hapo kisiwe ndicho kiongozi.

Sasa tuchague. Kabla ya kununua chochote, kijana achukue orodha ya mada inayotolewa bure na AAMC. Humo mna mwendo na nguvu, kazi na nishati, vimiminika, umeme, sauti, mwanga na lenzi, na atomi. Orodha hiyo ndiyo mizani. Kitabu kinachofundisha yaliyomo ndani yake kinafaa. Kinachojaza kurasa kwa yasiyokuwamo kibaki dukani, hata kikiwa kinene na kizuri.

Kisha akipime kitabu kwa mlango mmoja tu: wa vimiminika. Atafute habari za damu kupita katika mshipa. Mshipa ukibana hadi upenyo wake ukawa nusu, na msukumo ukabaki uleule, damu inayopita haiwi nusu. Inashuka hadi moja ya kumi na sita. Kitabu kinachomfanya aielewe sababu, kisha kikampa maswali ya namna hiyo yanayohusu mwili wa binadamu, ndicho cha mtihani huu. Kinachomzamisha katika kalkulasi kitamchosha bure, kwani MCAT unataka aljebra na trigonometria tu. Tena kikokotozi hakiruhusiwi. Basi tangu siku ya kwanza afanye hesabu kwa kalamu na kwa kukadiria.

Hapa wazazi hukosea kwa sababu ya jina. Shirika la OpenStax la Chuo Kikuu cha Rice, Houston, linatoa bure mtandaoni kitabu kiitwacho College Physics na kingine kiitwacho University Physics. Mzazi akiona neno University hudhani hicho ndicho bora zaidi. Lakini hicho kimejengwa juu ya kalkulasi. Kinachomfaa mtoto wetu ni College Physics.

Baada ya hapo, kitabu kimoja kinatosha. Fedha iliyobaki iende kwenye maswali ya mazoezi, na ya kwanza kununuliwa yawe ya AAMC, kwa sababu ndio watungaji wa mtihani wenyewe. Asiyatumie mapema. Aanze na maswali mengine, na kila analokosa aliandike daftarini pamoja na sababu ya kulikosa: je, hakujua kanuni, au alikosea hesabu, au hakusoma swali vizuri? Yale ya AAMC ayaweke kwa wiki za mwisho, ayafanye kwa saa, kila swali kama dakika moja na nusu. Na asiache swali tupu, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Haya si mambo ya kubahatisha. Mtu anaruhusiwa kuufanya MCAT mara 3 tu kwa mwaka mmoja, na mara 7 maishani. Nyumba zenye kipato kidogo zisisite kuomba msaada wa ada wa AAMC, ambao hutoa pia vifaa vya kujisomea. Waliopewa hadhi ya ukimbizi nao wanaweza kuomba. Ila ombi litangulie kujiandikisha, kwani ada iliyokwisha kulipwa hairudishwi.

Basi wazee wangu, mchango wetu na uwe mfuko mmoja, si vitabu kumi kutoka nyumba kumi. Mfuko huo apewe kijana, pamoja na orodha ile ya mada, achague mwenyewe. Na wakati anaposoma, asiitwe kila mara kupokea wageni uwanja wa ndege. Huo nao ni msaada, na hauna gharama.

Tukijaaliwa, tuonane mwakani.