Kosa Si la Katuni

Wako wasemao kwamba katuni ya Kijapani haigeuziki kuwa mchezo wa watu halisi. Mimi sikubali. "One Piece" ya mwaka 2023, iliyotengenezwa Cape Town, ilinikalisha kitako sehemu zote 8. Luffy ni yule yule, kwa kicheko na ulafi wake. Na marikebu zilijengwa hasa, hata sisi tuliozoea majahazi hatukucheka. Eiichiro Oda, mtungaji wa hadithi, alikubaliana na Netflix kuwa hautaonyeshwa mpaka yeye aridhike.

Sasa tazama "Dragonball Evolution" ya 2009, balaa tupu! Mwandishi wake, Ben Ramsey, aliomba radhi mwaka 2016, akakiri kuwa alifuata malipo manono, wala hakuwa mpenzi wa hadithi ile. Hapo, jamani, katuni imekosa nini?