Mtoto asiyekua asipuuzwe

Mpwa wangu ana umri wa miaka 12, lakini viatu vyake vya miaka miwili iliyopita vingali vinamtosha. Muda huo wote amekuwa akiumwa tumbo, akiharisha na kukonda. Alipewa dawa za minyoo, za amiba, kisha za homa ya matumbo. Hakuna aliyempima kimo.

Hatimaye daktari aliutazama utumbo wake kwa kamera, akakata vipande vidogo vya kuchunguzwa, akagundua ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari aliyeueleza pamoja na wenzake mjini New York mwaka 1932. Ugonjwa huu huvimbisha utumbo na kuutia vidonda, na mara nyingi humdumaza mtoto.

Sikatai kwamba kuutambua ni kazi ngumu. Kifua kikuu cha utumbo hufanana nao mno, na kukosea ni hatari: dawa za kupunguza kinga ya mwili, zinazomfaa mwenye Crohn, humwangamiza mwenye kifua kikuu.

Hata hivyo, mizani na utepe havihitaji mtaalamu. Hapa kwetu kadi ya kliniki hutiwa kabatini mtoto atimizapo miaka 5, na tangu hapo ni nadra mtu kuandika uzani wake. Naihimiza Wizara ya Afya na ile ya Elimu: kila mwanafunzi apimwe kila muhula, na asiyekua apelekwe hospitali. Hata tiba ikishaanza, kimo ni miongoni mwa mashahidi wa kutuambia iwapo inafaa. Mficha maradhi kifo humuumbua; nasi tunayaficha kwa kutopima.