Gofu Nayo Ina Alifu Yake

Wako wadhanio gofu ni nguvu. Hasha! Mpira wake hauzidi gramu 46, na shimo lina upana wa milimita 108 tu. Nguvu pasi na shabaha ni kazi bure. Nawausia wanaoanza: anzieni karibu na shimo, kwa pigo fupi, kama mtoto wa chuoni aanzavyo alifu kabla ya kushika msahafu. Masafa yatakuja.

Na mwalimu? Yupo: ni mchukuzi wa mifuko, aujuaye uwanja kwa kila mwinuko na mteremko. Wachezaji wetu kadhaa wa kulipwa walianzia huko. Basi kilabu ambacho hakijawatengea wachukuzi siku yao ya kucheza, naona kiwatengee. Kumbebesha mtu fimbo 14 umri wake wote, asipige hata moja, si uungwana.