Tenisi ya wawili si kimbilio la walioshindwa

Wanaoandika kwamba mcheza tenisi ya wawili wawili ni yule aliyeshindwa kucheza peke yake wahesabu upya. Ndugu Bob na Mike Bryan wa Marekani walitwaa pamoja mataji 119, yakiwemo 16 ya Grand Slam. Jirani yetu Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1995, ila mataji yake matatu ni ya wawili wawili. Kushindwa kuko wapi hapo? Kuwahi wavuni na kusomana na mwenzako ni ufundi unaojitegemea. Tena kwetu Mbeya na Iringa, uwanja mmoja hufundisha watoto wanne badala ya wawili. Walimu, wapangeni wanne.