Uso wa mteja usigeuzwe mtaji wa muuzaji

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayepita katika mitaa ya Tegeta, Bunju, Tandika au Mbagala Rangi Tatu ataona methali hiyo ikitimia katika biashara ya vipodozi. Krimu, seramu na sabuni za bei mbaya zinajitembeza saluni kwa saluni, kibanda kwa kibanda, hadi kwenye vikao vya vikoba.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Mwanamke ameketi anasukwa, kichwa kimefika nusu, hawezi kuondoka. Anaingia binti nadhifu mwenye mkoba, anasalimia kwa adabu, kisha anampaka krimu mkono mmoja bure. "Dada, hebu linganisha mkono huu na ule." Baada ya hapo yanatafutwa madoa ya usoni ambayo hadi asubuhi ile hayakuwa yamemsumbua mtu. Bei ikitajwa na mteja akashtuka, punguzo linatolewa papo hapo, ila ni la leo tu. Akisema hana fedha, anaambiwa atangulize kidogo kwa simu na nyingine amalizie mwisho wa wiki. Akisema atamuuliza mumewe, anadakwa: "Shoga, uso ni wako au wa shemeji?" Saluni nzima inacheka, na aibu inafungua pochi.

Aibu si makubaliano. Tuchukulie mama lishe wa Tandika anayebakiwa na faida ya Sh6,000 kwa siku, akauziwa seti ya Sh180,000. Huo ni mwezi mzima wa kuamka alfajiri na kukaa kwenye moshi, umekwenda kwa mazungumzo ya nusu saa. Kwa kuwa fedha ya biashara ndogo na ya nyumbani hukaa katika pochi moja, kinacholiwa hapo ni mchele wa kesho na ada ya mtoto.

Ni rahisi kumlaumu binti mwenye mkoba. Hata hivyo, mara nyingi naye ni mteja aliyetangulia. Katika biashara ya mtandao, muuzaji hutakiwa kwanza anunue mzigo kwa fedha yake, kisha atafute wenzake wa kujiunga chini yake. Asipouza, krimu zinamwozea kabatini. Ndiyo maana anaanza na dada, shangazi na rafiki wa kanisani au msikitini, watu ambao ni vigumu kumkatalia.

Hesabu yake ni mbaya zaidi. Mtu mmoja akileta watatu, na kila mmoja wao akaleta watatu, katika hatua ya 15 watahitajika watu wapya zaidi ya milioni 14. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa 5,383,728. Kwa mantiki hiyo, ahadi kwamba kila anayejiunga atatajirika kwa kuingiza wengine haiwezi kutimia, hata bidhaa ikiwa njema. Wakazi wa jiji hili walipata funzo hilo mwaka 2009, Serikali ilipousimamisha mpango wa DECI na wengi wakabaki na stakabadhi mkononi.

Aidha, lipo suala la afya. Bei kubwa haithibitishi usalama. Baadhi ya krimu za kung'arisha hubainika kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Steroidi hukondesha ngozi na kuacha michirizi, na mtumiaji akiacha ghafla uso huwaka kuliko mwanzo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibluu usiofutika kirahisi. Hapo muuzaji hueleza kwamba "sumu inatoka" na kwamba dawa yake ni chupa ya pili. Mteja anayeungua analipia tena kuungua.

Sheria haikosekani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumdanganya mlaji, kumbughudhi na kumshurutisha anunue, pamoja na mauzo ya upatu. Usimamizi wa vipodozi, uliokuwa chini ya TFDA, ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Kinachopungua ni sheria hizo kushuka mtaani. Mama wa Bunju aliyeuziwa krimu bila risiti hajui aanzie wapi, na muuzaji aliyebadili namba ya simu hana duka la kufuatwa. Maofisa biashara wa manispaa za Kinondoni na Temeke wanaweza kuanza na jambo dogo: kila anayeuza vipodozi kwa kutembeza aoneshe kitambulisho, atoe risiti, na aupokee mzigo usiofunguliwa ukirudishwa ndani ya siku chache.

Wapo watakaosema kwamba hatua hizo zitawanyima vijana ajira. Si kweli. Anayeuza mafuta mazuri ya nazi kwa bei inayoeleweka hana haja ya kumfungia mteja mlango, kwani huyo atarudi mwenyewe. Wakulima wa mwani wa Zanzibar nao wameonesha kwamba zao la shambani linaweza kuwa sabuni na krimu yenye soko. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kinatengeneza losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua linaweza kuwaua kwa saratani ya ngozi. Losheni hiyo, ambayo kweli huokoa maisha, haikuhitaji kumtia mtu aibu saluni.

Kwa upande wake, mteja ajiwekee masharti matatu. Asinunue siku aliyooneshwa. Punguzo la kweli halifi usiku mmoja. Asinunue kopo lisiloorodhesha viambato, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na akiwa na tatizo la ngozi, aanzie kwa daktari katika hospitali kama Mwananyamala au Temeke, si kwa mtu anayepata kamisheni kwa kila doa analoliona.

Wenye saluni nao wana wajibu. Mteja aliyekuja kusukwa ni mgeni wao. Akisema hapana, mwenye saluni ndiye anayepaswa kumwambia binti wa mkoba: "Mwanangu, dada ameshakujibu. Mwache amalizie nywele zake."